Oxford, Mji wa Milango: Mwongozo Kamili wa Mgeni

Wengi wetu tuliifahamu Oxford kabla hatujaijua vizuri ramani ya Uingereza. Jina lilikuwa kwenye majalada ya vitabu vya shule, na kwenye kamusi ile ya Kiswahili ya mwaka 1981 iliyotungwa na TUKI na kuchapishwa na Oxford University Press. Ndiyo maana mgeni wa kwetu akishuka tu kwenye basi huuliza swali nililouliza mimi mara ya kwanza: "Samahani, Chuo Kikuu kiko wapi?" Anayeulizwa hutabasamu, hajui aelekeze kidole upande gani. Umeshasimama ndani yake.

Hakuna geti kuu wala kibao cha kukukaribisha. Chuo Kikuu cha Oxford ni mwavuli wa koleji karibu 40, na kila koleji ina ukuta wake, mali zake, bwalo lake la chakula, kanisa lake na bawabu wake mlangoni. Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa, maana vyote huitwa "chuo". Katika mwongozo huu Chuo Kikuu ni ule mwavuli. Nyumba moja moja nitaziita koleji.

Aliyewahi kupita vichochoro vya Lamu au Mji Mkongwe atauelewa mji huu kuliko mtalii mwingine yeyote. Barabarani unaona ukuta mtupu na mlango mzito. Uzuri uko ndani, ukishavuka daka la mlangoni, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kilichoachwa wazi kwa mbingu. Oxford imejengwa kwa akili hiyohiyo, tofauti ni kwamba katikati ya kiwanda wameotesha majani ambayo huruhusiwi kuyakanyaga. Kwa hiyo kazi ya mgeni ni kujua mlango gani hufunguliwa saa ngapi, upi unalipiwa, na upi ni bure lakini hakuna aliyekuambia.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua ndege

Mwaka wa masomo una mihula mitatu ya wiki nane nane: Michaelmas (Oktoba hadi Desemba), Hilary (Januari hadi Machi) na Trinity (Aprili hadi Juni). Mihula ikiwa inaendelea, mji una uhai lakini koleji nyingi hufungua kwa wageni saa chache tu za mchana. Mihula ikifungwa, milango hulegea.

Mei na Juni ndiyo miezi mizuri kuliko yote kwa macho na mibaya kuliko yote kwa milango, kwa sababu ni msimu wa mitihani. Utakachofaidi ni kuwaona watahiniwa wakipita High Street wamevaa joho na ua kifuani: jeupe kwa mtihani wa kwanza, la waridi kwa ya katikati, jekundu kwa wa mwisho. Ukiona ua jekundu, mpishe, huyo anakimbilia uhuru wake.

Julai na Agosti misafara ya watalii huziba njia. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kuelekea Krismasi karibu kila kitu hufungwa. Ningeulizwa mimi, ningesema wiki mbili za mwisho za Septemba: wanafunzi bado hawajarudi, makundi yamepungua, na baridi haijawa ya kukutoa machozi. Isipokuwa kama unataka tarehe 1 Mei. Siku hiyo, saa kumi na mbili kamili asubuhi, kwaya ya Magdalen College huimba juu kabisa ya mnara wa koleji hiyo, na maelfu ya watu husikiliza chini darajani, wengi wao wakiwa hawajalala.

Hatua ya 2: Karatasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya mgeni, ambayo kwa kawaida huruhusu kukaa hadi miezi sita. Maombi hupokelewa kuanzia miezi mitatu kabla ya safari. Usisubiri wiki ya mwisho. Ndugu zetu wa Oman na nchi jirani za Ghuba, pamoja na wenye pasipoti za Marekani au za Umoja wa Ulaya (isipokuwa Ireland), hawahitaji viza kwa matembezi mafupi, ila lazima waombe kibali cha kielektroniki kiitwacho ETA kabla ya kusafiri. Ada hizi hupanda mara kwa mara, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza yenyewe. Tovuti za madalali huiga sura yake na kukutoza zaidi.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka London una njia tatu. Treni ya stesheni ya Paddington huchukua kama saa moja. Ya stesheni ya Marylebone huchukua muda kidogo zaidi na aghalabu ni nafuu. Basi la ghorofa liitwalo Oxford Tube huondoka karibu na Victoria, usiku na mchana, na safari ni kama saa moja na dakika arobaini ikiwa foleni haijachachamaa. Usidanganyike na jina: ni basi, si treni ya chini ya ardhi. Anayetua Heathrow hana haja ya kuingia London kabisa, kwa kuwa yapo mabasi ya moja kwa moja hadi kituo cha Gloucester Green, katikati ya Oxford.

Gari la kukodi liache. Barabara kadhaa za katikati zimefungwa kwa magari ya kawaida, nyingine hutozwa ada, na kamera hazina aibu. Kama ni lazima uendeshe, egesha kwenye maegesho ya pembezoni kama Thornhill, Redbridge au Pear Tree, kisha upande basi. Katikati ya mji ni padogo. Kutoka stesheni ya treni hadi njia panda ya Carfax ni mwendo wa dakika kumi na tano hivi.

Magari huenda kushoto kama kwetu, kwa hiyo hilo halitakusumbua. Kitakachokugonga ni baiskeli.

Hatua ya 4: Lala ndani ya koleji

Hoteli za Oxford ni ghali. Lakini wanafunzi wakienda likizo, koleji nyingi hukodisha vyumba vyao kwa mtu yeyote, na mara nyingi kifungua kinywa hupewa bwaloni, kwenye meza ndefu chini ya picha za wazee waliokufa karne nyingi zilizopita. Keble College, ile ya matofali mekundu yenye mistari, ina bwalo refu kuliko yote Oxford. Chumba chenyewe kitakuwa cha kawaida: kitanda cha mtu mmoja, dawati, pengine choo cha kushirikiana. Usitegemee anasa. Faida ni kwamba ukilala humo, jioni bawabu akifunga mlango mkubwa, wewe unabaki upande wa ndani.

Hatua ya 5: Tiketi, na mtego wa saa

Viwili vikatie tiketi mtandaoni kabla hujaondoka nyumbani: ziara ya kuongozwa ya maktaba ya Bodleian, na Christ Church, ambayo bei yake inakaribia pauni 20. Sehemu nyingine utalipa mlangoni kwa kadi. Fedha taslimu huenda usiiguse siku nzima.

Na tafadhali, andika muda kwa namba zao. Mjomba wangu, mtu makini sana, aliona tiketi yake ni ya 2:00 mchana, akajiandikia kwenye kijitabu "saa 2". Siku ya siku nilimkuta amesimama mbele ya mlango uliofungwa saa mbili asubuhi, amevaa koti na tai, akilalamika kwamba Wazungu nao siku hizi wanachelewa. Katika mwongozo huu ninahesabu saa za Kiswahili.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kwanza, Broad Street na Bodleian

Anzia Broad Street kabla ya saa nne. Mbele ya Balliol College, katikati ya lami, kuna msalaba wa mawe uliolazwa chini. Hapo ndipo maaskofu Latimer na Ridley walipochomwa moto mwaka 1555, na Askofu Mkuu Cranmer mwaka uliofuata, kwa ajili ya imani zao za Kiprotestanti. Watu huupita kwa baiskeli bila kuutazama.

Geuza uso uangalie namba 17 ng'ambo ya barabara. Ni duka la Oxfam, la kwanza kabisa. Shirika hili ambalo kwetu tunalijua kwa matangi ya maji na mahema ya wakimbizi lilizaliwa mji huu mwaka 1942, na silabi ya kwanza ya jina lake ni ya Oxford yenyewe. Kikao chake cha kwanza kilifanyika kwenye maktaba ya zamani ya Kanisa la St Mary, ambalo utalifikia baada ya saa moja.

Kisha ingia Bodleian. Thomas Bodley aliifungua mwaka 1602, na tangu makubaliano ya 1610 imekuwa ikipokea nakala za vitabu vipya vinavyochapishwa Uingereza. Leo ina zaidi ya vitu milioni 13 vilivyochapishwa, na vingi vimehamishiwa kwenye ghala nje ya mji wa Swindon kwa kukosa nafasi. Hapa kitabu hakiazimwi. Mwaka 1645 Mfalme Charles I mwenyewe alituma ombi la kuazima kimoja, akajibiwa kwamba kanuni haziruhusu. Msomaji mpya mpaka leo huapa kwamba hataingiza wala kuwasha moto ndani ya jengo, kiapo cha tangu enzi ambazo maktaba haikuwa na joto na mtu angeshawishika.

Ziara ya nusu saa inatosha kama una haraka: utaona Divinity School, ukumbi wa karne ya 15 wenye dari ya mawe iliyochongwa kama matawi na kupambwa kwa vifundo 455, kisha utapanda maktaba ya Duke Humfrey, ambako hewa yenyewe inanuka ngozi na mbao. Ziara ya saa moja na nusu ndiyo pekee ya watalii inayoingia Radcliffe Camera, lile jengo la mviringo lenye kuba lililokamilika mwaka 1749 na ambalo kila mtu hulipiga picha kwa nje. Inajaa mapema mno. Ukiikosa, usihuzunike sana. Nje ndipo msanifu wake, James Gibbs, alipoweka ustadi wake wote.

Mlango wa bure ulio jirani ni Weston Library, ng'ambo ya Broad Street. Ni sehemu ya Bodleian, haina kiingilio, na huonyesha hazina za maktaba kwa zamu. Ina mkahawa na vyoo safi, taarifa ambayo shangazi yangu alisema ilikuwa ya maana kuliko zote nilizompa siku ile.

Sheldonian Theatre iko palepale, kazi ya msanifu majengo Christopher Wren, ilikamilika mwaka 1669. Ndimo wahitimu wanamotunukiwa shahada. Ukipanda hadi kwenye kijumba cha juu ya paa utauona mji wote.

Hatua ya 7: Mnara, soko, na sanamu

Kanisa la St Mary the Virgin liko upande wa pili wa Radcliffe Camera. Kuingia ni bure, mnara unalipiwa. Ngazi ni 127, na za juu ni za kuzunguka, nyembamba kiasi kwamba anayeshuka na anayepanda lazima wapatane. Shangazi alizitazama, akazitafakari, akakaa kwenye benchi. Kama magoti hayakusumbui, panda huu badala ya Sheldonian, kwa sababu hakuna kioo kati yako na mandhari.

Mchana kula Covered Market, soko la ndani lililofunguliwa mwaka 1774. Utakuta bucha zilizotundika ndege wa porini na manyoya yao, mafundi viatu, keki, na vibanda vya chakula. Bei ni ya kibinadamu kuliko mikahawa ya High Street.

Kutoka sokoni toka High Street, simama upande wa kanisa, na uinue macho kuelekea Oriel College. Juu kabisa ya jengo lililofunguliwa mwaka 1911 imesimama sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni aliyetajirikia kusini mwa Afrika. Kuanzia 2015 wanafunzi waliandamana aondolewe. Mwaka 2021 koleji ikaamua abaki, ikaweka kibao cha kueleza alikuwa nani na alichuma wapi. Mita chache mbele, upande wa pili, ni All Souls, koleji isiyo na wanafunzi wa shahada ya kwanza hata mmoja. Maktaba yake nzuri ilijengwa kwa fedha za Christopher Codrington, mwenye mashamba ya watumwa Barbados. Mwaka 2020 koleji iliacha kuiita kwa jina lake. Mimi huwapitisha wageni hapa makusudi kabla ya Christ Church. Mtu akishajua mawe yalilipwa na nani, huyatazama kwa jicho jingine, na haharibu uzuri wake kwa kujua.

Hatua ya 8: Koleji ipi uingie

Hutaweza kuziingia zote, wala si lazima. Baada ya ya nne zinaanza kufanana kama misikiti kwa mtu asiyejua kusali. Chagua mbili.

Christ Church ndiyo kubwa na ndiyo yenye foleni. Ilianzishwa na Kardinali Wolsey mwaka 1525, kisha Mfalme Henry VIII akaianzisha upya kwa jina lake la sasa mwaka 1546. Imetoa mawaziri wakuu 13, na kanisa lake ni kanisa kuu la dayosisi pia, jambo lisilopatikana koleji nyingine yoyote. Foleni yenyewe lakini ni kwa ajili ya ngazi na bwalo, kwa sababu ya filamu za Harry Potter, yule kijana mchawi mwenye miwani: ngazi zilipigwa picha humu, na bwalo la kwenye filamu liliigwa kutoka hili. Kumbuka kwamba bwalo ni la kulia. Adhuhuri hufungwa wanafunzi wapate chakula, kwa hiyo kata tiketi ya asubuhi mapema au ya alasiri. Utawaona walinzi wake kwa kofia nyeusi za duara.

Mimi ningelipa kwanza New College. Jina lisikutishe: "mpya" maana yake 1379. Bustani yake imezungukwa na ukuta halisi wa mji wa zama za kati, ambao koleji iliahidi kuutunza ilipopewa ardhi, na kila baada ya miaka mitatu meya huja kuukagua ahadi isije ikasahaulika. Humo utakaa kwenye majani dakika ishirini na huenda usisikie mtu.

Magdalen, ambayo hutamkwa "Modlin" kwa sababu wanazojua wao, ina bustani ya kulungu ndani ya mji, mnara wa mita 44, na njia ya kivuli kandokando ya mto iitwayo Addison's Walk. Kwa mwenye watoto, hii ndiyo. Merton, ya mwaka 1264, ina maktaba ambayo imekuwa ikisomewa tangu karne ya 14. Ni ya wapenzi wa vitu vya kale.

Adabu ya mlangoni ni ileile ya nyumbani kwa mtu. Bawabu yupo kwenye kijumba chake pembeni, msalimie, muulize kama leo wanapokea wageni. Kibao cha "imefungwa" si tusi. Usikanyage majani, usipande ngazi zenye majina ya watu, na usipige picha dirisha la mtu.

Na sasa mlango wa bure niliouahidi. Muhula ukiwa unaendelea, karibu saa kumi na mbili jioni, Christ Church, Magdalen na New College huwa na ibada ya jioni inayoimbwa na kwaya ambazo hujulikana dunia nzima. Haina kiingilio. Mwambie bawabu umekuja kwa ibada, naye atakuonyesha njia. Si lazima uwe Mkristo wala uimbe. Utakaa, utasimama wengine wakisimama, na kwa dakika arobaini na tano utakuwa ndani ya jengo ambalo mchana ungelilipia.

Hatua ya 9: Mtumbwi na upondo

Mito ni miwili, Cherwell na Thames, huu wa pili ukiitwa Isis ukiwa Oxford. Kwenye daraja la Magdalen, kuanzia majira ya kuchipua hadi Oktoba, hukodishwa mitumbwi bapa inayosukumwa kwa mti mrefu. Waingereza huona ni maajabu ya huko kwao. Kwa mtu wa pwani ni upondo tu.

Simama nyuma. Udondoshe upondo wima karibu na ubavu wa chombo mpaka uguse chini, sukuma taratibu, uzungushe kidogo kuunasua kutoka kwenye tope, kisha uache uelee nyuma yako ukiufanya usukani. Upondo ukinasa, uachie! Mtumbwi utaondoka na wewe. Ukiung'ang'ania, mtumbwi utaondoka bila wewe. Nimeona vijana wa Kizungu wakining'inia katikati ya mto namna hiyo, na nimemwona kaka mmoja wa Pemba akiwapita amekunja suruali, anapiga mluzi. Usiyetaka kujitia kwenye majaribu, yupo kijana wa kukusukuma kwa malipo ya ziada.

Usiku, saa tatu na dakika tano, simama St Aldate's chini ya mnara wa Tom wa Christ Church. Kengele yake hupigwa mara 101, moja kwa kila mwanafunzi wa idadi ya zamani. Hizo dakika tano si uchelewaji. Kabla ya treni kulazimisha saa moja nchi nzima, kila mji ulifuata jua lake, na jua hufika Oxford dakika tano baada ya Greenwich. Kwa hiyo kwa saa ya Oxford ni saa tatu kamili.

Hatua ya 10: Siku ya pili, makumbusho

Manne makubwa ni ya Chuo Kikuu, na yote ni bure.

Anza na Makumbusho ya Historia ya Asili, Parks Road, jumba la chuma na vioo lililofunguliwa mwaka 1860, mwaka uleule ambao ndani yake mwanasayansi Huxley na Askofu Wilberforce walibishana juu ya nadharia ya Darwin ya mageuko ya viumbe. Humo kuna mabaki ya dodo. Si embe. Ni ndege wa kisiwa cha Mauritius, jirani yetu wa Bahari ya Hindi, aliyekwisha kutoweka katika karne ya 17, na kichwa chake cha Oxford bado kina ngozi.

Nyuma kabisa ya jumba hilo kuna mlango mdogo. Vuka, uingie Pitt Rivers, na utenge saa mbili. Ilianzishwa mwaka 1884 na ina vitu zaidi ya nusu milioni, vingi kwenye makabati ya vioo yaliyobanana gizani. Havikupangwa kwa nchi bali kwa kazi: kufuli zote za dunia pamoja, vikapu pamoja, ngoma pamoja, mitego ya samaki pamoja. Unaweza kukuta kitu alichokuwa nacho bibi yako kimelala kando ya kaka yake wa Papua. Ni furaha, na baada ya muda ni uzito. Kuanzia 2017 wawakilishi wa Wamaasai kutoka Tanzania na Kenya wamekuja humu kuvitazama vitu vyao, na wakasema kuna vingine, kama bangili ya orkatar ambayo baba humrithisha mwana, ambavyo hakuna Mmaasai angevitoa zawadi wala kuviuza. Mazungumzo na familia husika yameendelea. Soma vibandiko vya karatasi vilivyoandikwa kwa mkono wa zamani, na uzingatie neno "collected", yaani "kilikusanywa".

Ashmolean, makumbusho ya sanaa na vitu vya kale, Beaumont Street, ilifunguliwa kwa umma mwaka 1683 ingawa jengo la sasa ni la karne ya 19. Ni kubwa, chagua ghorofa moja. Jengo lake la kwanza, Broad Street, sasa ni Makumbusho ya Historia ya Sayansi, na hufunguliwa adhuhuri. Watu huenda kuona ubao alioandikia Einstein Mei 1931, nao ni ubao wenye chaki, basi. Panda juu kwenye astrolabu. Mkusanyiko huu ni mkubwa kuliko wote duniani, na sehemu kubwa ni kazi ya mafundi wa Kiislamu: vyombo vya shaba vya kupimia nyota, kujua wakati wa sala na uelekeo wa kibla. Ipo moja ya umbo la tufe, ya karne ya 15, ambayo ndiyo pekee iliyobaki kamili.

Hatua ya 11: Walton Street, kwa ajili yetu

Hakuna mwongozaji wa watalii atakayekupeleka huku. Kutoka Ashmolean ingia Walton Street. Baada ya hatua chache utakuta jengo la Exeter College liitwalo Cohen Quad. Uso wake wa zamani ni wa Ruskin College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi wasio na elimu ya juu, na ambacho hakikuwa sehemu ya Chuo Kikuu. Hapo ndipo Tom Mboya, akiwa tayari kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Kenya, alipokuja kusoma mwaka 1955. Alikaa mwaka mmoja, akarudi, na 1957 akaingia Baraza la Kutunga Sheria.

Endelea mbele. Upande wa kushoto litatokea jengo refu lenye nguzo kama hekalu la Kirumi. Ni Oxford University Press, waliochapisha ile kamusi. Simama upige picha.

Mtaa ukiisha, kata kushoto ushuke hadi Port Meadow, malisho ya wazi ambayo hayajawahi kulimwa. Ng'ombe na farasi huzurura humo bila mchungaji, na ukitazama nyuma minara yote ya Oxford iko kwenye upeo. Vaa viatu vya tope.

Hatua ya 12: Chakula, sala na kurudi

Kwa chakula cha halali na cha bei nafuu vuka daraja la Magdalen uende Cowley Road. Ni mtaa wa wahamiaji: Wabangladeshi, Wapakistani, Waarabu, watu wa Karibi. Msikiti wa Central Oxford uko Manzil Way, pembeni mwa mtaa huohuo. Ijumaa wahi, hujaa. Kwa anayependa majengo, Kituo cha Taaluma za Kiislamu, Marston Road, kina kuba na mnara vilivyojengwa kwa mawe ya rangi ya koleji, na kutoka mbali huwezi kukitofautisha na nyingine mpaka uone mwezi.

Koti la mvua beba hata jua likiwaka. Chupa ya maji ijaze makumbusho. Shati la kununua kama zawadi lisiwe la maduka ya High Street yanayouza nembo kwa kila mpita njia. Ukitaka kitu chenye maana, duka la Bodleian lina karatasi, ramani na mifuko inayodumu.

Basi la Oxford Tube la kurudi London huanzia Gloucester Green na husimama High Street. Panda Gloucester Green, maana kwenye High Street siti za juu mbele huwa zimekwisha.